Jino la Chini, Kushoto

Mimi ndiye niliyekwambia uache vidonge.
Niliandika kwa mkono wangu, nyuma ya kadi ya miadi:
siku saba kabla ya kung'oa, usimeze cha waridi.
Ukaikunja kadi mara nne, ukaitia mfukoni
kama mtu aliyepewa amri na msimamizi wa zamu,
nawe, Alojz, miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi ya Zabrze
hukuwahi kubishana na msimamizi.

Ulikuwa umenisimulia habari za kifua chako
huku pamba imekujaa mdomoni:
kwamba mshipa ulibonyea kama njia ya mgodi
mbao zinapochoka,
wakapenyeza waya kwenye kifundo cha mkono,
wakasimamisha nguzo za chuma, nyembamba kama unywele,
"na sasa mabehewa yanapita."
Tulicheka. Miezi kumi na sita ilikuwa imekwisha.
Nani humwogopa mgeni aliyekaa miezi kumi na sita?

Kisha theluji ikafunga reli za tramu.
Kisha msaidizi wangu akashikwa na mafua.
Siku saba zikazaa siku kumi na tisa
na hakuna aliyekupigia simu kusema: meza, mzee, meza.
Hakuna. Wala mimi.

Baadaye nilisoma, usiku, chai ikipoa.
Kumbe chuma kile kilipakwa dawa
ili nyama isiote ikaziba njia upya,
na dawa, kwa utiifu wake, ikazuia hata ule utando mwembamba
ambao mwili huvisha kitu kigeni.
Chuma kikabaki uchi ndani yako.
Kila siku kidonge kimoja kilisimama mlangoni
kikiiambia damu: pita, hapa hakuna kitu.
Mimi nikampa bawabu likizo.

Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Sawa. Lakini nani aliiomba iwe nzito
saa kumi na mbili asubuhi, tarehe nne Desemba,
siku ya Mtakatifu Barbara, bendi ya wachimbaji ikipita
chini ya madirisha kuamsha mtaa
na Truda akiipiga brashi kofia yako ya manyoya meusi?
Alisema ulikaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja.
Alisema tarumbeta zilivuma mno, hakusikia ulipomwita.
Aliniambia haya bila hasira.
Hasira ningeipokea vyema zaidi.

Walikuwahi.
Sehemu ya moyo wako imekufa na wewe hukufa;
hesabu hiyo mimi siijui.

Machi ukarudi.
Ngazi ishirini na mbili, ukapumzika mara tatu.
Jino lilelile, limeoza hadi mzizini.
"Daktari, leo nimemeza," ulisema kabla ya salamu,
ukatoa ile kadi kuukuu, ukaiweka mezani.
Sikuigeuza.

Nikang'oa.
Damu ikaja, nyekundu, nyepesi, haina adabu,
ikalowesha pamba ya kwanza, ya pili, ya tano.
Nikabonyeza kwa kidole gumba.
Nje wagonjwa wawili walichoka kungoja, wakaenda zao.
Dakika arobaini nimeinama juu yako, mgongo unalia,
karibu na jicho lako lile kovu la buluu
ambapo makaa yaliingia ngozini yasitoke tena,
nami nasema kimoyomoyo, kwa mara ya kwanza katika kazi hii:
toka, wewe, toka tu, usiwe na haraka ya kuganda.
Pamba ninayo. Siku nzima ninayo.